Magnolia Nyekundu ya Avis Pascoe

Watu wa bonde letu wananiambia nimezidi. Wanasema, Kara, mambo yameshaisha, mti ni mti tu, punguza hasira. Sipunguzi. Tangu nilipoolewa na Tame nimekuwa nikikamua ng'ombe upande wa pili wa ua wa Avis Pascoe, na haya ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa na mtu.

Mume wa Avis, Des, alikuwa na kitalu cha miche kando ya barabara, na kuanzia mlimani mpaka baharini hakuna asiyemjua. Alikuwa mtu mkubwa wa kifua na sauti, mwenye kucheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe. Sitamsingizia marehemu. Alijua kubebesha miche, yaani kuunganisha kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, alijua kuiuza, na mteja aliyeingia kutafuta waridi moja alitoka na miti mitatu huku anatabasamu. Lakini kuzalisha aina mpya, ile kazi ya kuchukua chavua ya ua hili na kuipaka kwenye ua lile, kisha kukaa miaka kungoja kitakachotoka, hakuwa na subira nayo hata kidogo. Na ngazi aliiogopa. Akifika kidato cha pili magoti yanaanza kugongana.

Kazi hiyo ilikuwa ya Avis.

Mwisho wa Agosti, ambapo huku kwetu kusini mwa dunia baridi ndiyo inaisha, theluji ikiwa bado imeufunika mlima mpaka kiunoni, magnolia zetu hufungua maua zikiwa hazina hata jani moja. Avis alikuwa na mti mmoja mweupe, maua yake makubwa kama bakuli za supu, na mwingine mfupi wa zambarau iliyokolea, mchoyo wa maua. Alitaka mtoto wa hiyo miwili: ukubwa wa mama, rangi ya baba, tena rangi isiyochujuka. Maana nyekundu zote tulizokuwa nazo siku hizo, zikishapigwa na upepo kidogo, zinabaki kama shati lililofuliwa mpaka likachoka.

Basi alikuwa anapanda ngazi, anachagua tumba linalokaribia kupasuka, analifungua mwenyewe kwa vidole kabla mdudu hajaliwahi, anang'oa petali, anapaka chavua kwa brashi ya kuchorea, kisha analivika mfuko wa karatasi na kulifunga kwa uzi. Mimi nilishika ngazi.

"Kara, unashika ngazi au unaota jua?"

"Jua liko wapi, Anti? Naota mvua."

"Basi ota ukiwa umeshika kwa mikono miwili. Nikianguka Des atalazimika kujipikia, na hilo litamuua yeye kabla yangu mimi."

Majani yakianza kupukutika alichuma yale makoni, maganda ya mbegu, yaliyopasuka, akatoa mbegu nyekundu, akaziosha nyama yake mpaka mikono ikanuka, akazichanganya na mchanga mbichi na kuziweka kwenye jokofu majira yote ya baridi, ndani ya kopo la aiskrimu, jirani na siagi. Siku moja nilikuwa jikoni kwao Des alipoingia akiwa ameshika kijiko na uso umemwiva.

"Avis! Nimetafuna mchanga!"

"Nani kakwambia ule aiskrimu Julai?"

"Hii nyumba ni jokofu la mbegu, si nyumba ya watu!"

Tulicheka mpaka machozi. Wakati ule tulikuwa tunacheka.

Mbegu zilipoota alizipanda kwa mistari nyuma ya kibanda cha sufu. Mche wa magnolia uliotoka kwenye mbegu unaweza kukuweka miaka kumi kabla haujakuonyesha ua la kwanza, na muda wote huo hujui kama umelea malkia au kuni. Avis aliifunika kwa mashuka makuukuu baridi kali ilipotishia. Aliivalisha bati shinani posamu wasipande kula matumba, maana wale wanyama wanapenda tumba la magnolia kuliko mtoto anavyopenda peremende. Des aliita mistari ile "kuni za Avis". Wageni wakija anawaonyesha kitalu chake chote, akifika kule nyuma anapunga mkono: "Hizo ni kuni za mama watoto."

Mwaka mmoja akaamua anataka nafasi ya malori kugeuza. Akamkodi Tame wangu na tingatinga lake aje kuzing'oa. Tame alikwenda, kazi ni kazi. Aling'oa mstari wa kwanza, akang'oa wa pili. Nilisikia mngurumo nikatoka kwenye banda la kukamulia na aproni yangu ya plastiki, nikamwona Avis anavuka uwanja amebeba kiti cha jikoni, beseni la viazi na kisu. Akakiweka kiti mbele ya mstari wa mwisho, akaketi, akaanza kumenya.

Tame akasimamisha mashine, pua ya tingatinga ikiwa karibu na magoti ya Avis.

"Anti Avis, Des ameniambia mpaka ukutani."

"Na mimi nakwambia nina viazi vya kumenya."

Des akaja mbio. "Avis, ondoka hapo, unatuaibisha mbele ya majirani."

"Jirani gani? Tame? Tame ameshaniona nikiwa na vazi la kulalia na bunduki ya posamu. Des, hii iliyobaki ukitaka kuing'oa, anza na mimi."

Tame akazima injini, akashuka, akauliza kama chai ipo. Ndivyo mstari mmoja ulivyopona. Miche ya mistari mingine Des aliipasua kuni kweli, akaiwasha mekoni majira ya baridi yaliyofuata, na Avis akaketi kuota moto ule ule kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo uongo ulipozaliwa. Des alialikwa kuzungumza kwenye vilabu vya watunza bustani, kila kijiji. Alikuwa hodari wa kuzungumza, watu walimpenda. Mwanzoni alisema, "Mimi na Avis tunajaribu kuzalisha magnolia nyekundu." Baada ya muda ikawa "sisi tunajaribu". Halafu "najaribu". Nilikuwa ukumbini. Avis naye alikuwepo, kule nyuma kwenye sinki, anaosha vikombe vya watu waliokuwa wanampigia mumewe makofi. Nilimtazama. Alikuwa anasugua kikombe kimoja muda mrefu kupita kiasi. Tukiwa njiani nikamwambia, "Umesikia alivyosema?" Akajibu, "Nimesikia. Ni maneno tu, Kara. Mti haujatoa hata ua."

Des alifariki ghafla, moyo, katikati ya majira ya baridi. Tulimzika kwa heshima zote, na Avis alimlilia kama mke anavyomlilia mume. Sitaki mtu aseme hakumpenda.

Majira ya machipuko ya pili baada ya mazishi, asubuhi moja nilikuwa nasafisha banda la kukamulia, nikamwona Avis amesimama mlangoni, gambuti mguuni, nywele hazijachanwa.

"Njoo," akasema. "Usiulize. Njoo."

Nilimfuata mpaka nyuma ya kibanda cha sufu. Mti mmoja kwenye ule mstari wa mwisho ulikuwa umefungua maua. Sijui niseme nini mkanielewa. Yalikuwa makubwa kama ya mama yake, yamesimama wima juu ya matawi matupu kama vikombe vimewekwa mezani, na rangi yake ilikuwa nyekundu ya divai, ndani na nje, bila doa la waridi. Upepo wa mlimani ulikuwa umevuma tangu juzi. Hakuna petali iliyogeuka.

Avis aliketi kwenye majani yenye umande. "Nyekundu," akasema. "Kara, ni nyekundu. Na upepo huu wote." Akaanza kulia, halafu akacheka, halafu akasema, "Laiti yule mjinga angeishi akaiona, nimwambie mbele ya uso wake: hizi ndizo kuni."

Mwana wao, Brent, alikuwa amehamia kaskazini na kufanya kazi na kampuni inayouza miti ya mapambo nchi nzima. Mama yake alimpigia simu siku hiyo hiyo. Alikuja na kamera, akazunguka mti kama anayezunguka gari jipya.

"Baba aliweza," akasema. "Mungu wangu. Mzee aliweza!"

"Brent," mama yake akamwambia, "mti huu niliuzalisha mimi."

Akamkumbatia mabega. "Najua, Mama. Najua ulimsaidia sana."

Nilikuwa pale. Ulimsaidia! Nilimtazama Avis nikitegemea alipuke, akaishia kulikaza bati la posamu shinani. Baadaye aliniambia alidhani mtoto amechanganyikiwa na furaha, kwamba ataelewa tu. Mwezi wa Februari Brent akarudi na watu wa kampuni, wakakata vijiti vyenye macho mazuri, yale machipukizi ya kubebeshea, wakaondoka navyo kwenye maboksi ya barafu. Avis aliwapa kwa mkono wake. Kwa nini asimpe mwanawe?

Miaka michache ikapita, miche ikawa tayari kuuzwa. Kampuni ikakodi ukumbi wetu kuuzindua mti, mwanzo wa Septemba. Kijiji kizima kilikwenda. Kulikuwa na soseji zilizofunikwa kwa unga, asparaga, zile mboga za vijiti, zilizoviringishwa kwenye mkate, na keki tatu za pavlova za akina mama wanaoshindana. Na pale mbele, bango kubwa kuliko mlango: Des amesimama kwenye ngazi, anacheka, na chini yake maneno, "Fahari ya Des: ndoto ya maisha ya mtu mmoja."

Picha ile naijua. Ni ya Krismasi. Alikuwa kwenye kidato cha kwanza cha ngazi barazani kwao, anatundika taa, na mimi ndiye niliyepiga. Walikuwa wamekata taa, wamekata baraza, wakabandika magnolia nyuma yake.

"Anti," nikamnong'oneza Avis, "naona nyekundu kwa hasira, si ya maua."

"Kaa utulie."

Brent akashika kipaza sauti. Akasema jinsi baba yake alivyopanda ngazi mwaka baada ya mwaka na brashi yake ndogo. Jinsi alivyoilinda miche kwa mashuka usiku wa baridi. Jinsi alivyokataa kukata tamaa wengine wote walipoita mistari ile kuni. Nakwambia, wengine wote! Tame, ambaye hasemi neno mpaka aulizwe, alitoa sauti kama ng'ombe aliyekanyagwa. Nikaanza kuinuka. Avis akanishika mkono, akanikalisha, kisha akasimama yeye.

"Brent," akasema. "Baba yako hakuuzalisha mti huu. Niliuzalisha mimi. Baba yako aliukodia tingatinga."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akadhani ni mzaha. Hapo ndipo mwanamke wa kampuni, Philippa, mwenye koti jeupe na meno mengi, alipochukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Brent.

"Jamani, huyu ndiye Bibi Pascoe!" akasema kwa sauti tamu. "Ndoto kubwa kama hii haitimii bila mke mvumilivu nyumbani. Tumpigie makofi kwa kumuunga mkono mumewe miaka yote hiyo!"

Wakapiga makofi. Walisimama wakapiga makofi, watu tunaosali nao, watu tunaonunua nao maziwa ya ndama, wengine machozi yanawatoka. Philippa akaja na kumkabidhi shada. Matawi ya magnolia yake mwenyewe, yamekatwa asubuhi ile kutoka kwenye mti wake, bila kumuuliza, pamoja na macho ya mwaka ujao.

Avis alilipokea. Alilitazama mahali lilipokatwa, akaona walivyolipasua kwa mkasi butu. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipeleke nyumbani."

Kesho yake Brent alikuja. Nilikuwa jikoni, nikajidai naondoka, Avis akasema, "Kara habanduki."

"Mama, umenifedhehesha."

"Mimi nimekufedhehesha wewe?"

"Baba mwenyewe aliniambia alivyoufanya. Tangu nikiwa mdogo. Ngazi, brashi, mashuka, kila kitu."

"Alikudanganya. Nilimsikia akikudanganya, nikiwa hapa hapa nakaanga mayai yako."

"Kwa nini basi hukusema?"

"Nilisema! Nilikwambia chini ya mti, ukaniambia nilimsaidia. Jana nimesema mbele ya watu, wakanipa maua. Niseme kwa lugha gani, mwanangu? Nibweke?"

Brent akashika kichwa. Akasema jina la baba ndilo linalojulikana, kwamba lebo zimeshachapishwa, kwamba kampuni haitakubali kubadilisha kitu sasa. Nilimwona anaanza kuamini, na nilimwona hataki. Mtu akizikwa na sifa zake, mwanawe hapendi kumfukua. Hilo nalielewa. Lakini mama yake alikuwa hai, ameketi mbele yake, na sikuona kwa nini aliye hai ndiye afunikwe udongo.

"Nenda," Avis akamwambia. "Na uwaambie hao wenye koti jeupe, wakikanyaga tena hapa, bunduki ya posamu bado inafanya kazi."

Hakulala kitandani akaugua, kama wengine walivyotabiri. Alingoja Februari. Magome ya matawi yalipokomaa, alifungua geti, akabandika kibao cha mbao: "Vijiti vya magnolia nyekundu, bure, njooni na gazeti lililolowanishwa la kuvifungia." Tulifikiri watakuja wachache. Walikuja kutoka bonde zima, na wengine kutoka pwani, wamepanga magari mpaka kwetu. Baadhi yao ni wale wale waliopiga makofi. Avis hakuwapa kijiti kabla hawajasikiliza. Aliwaonyesha jinsi ya kuchonga jicho na kulikaza kwenye shina mama, kisha akawaambia maneno yale yale, kila mmoja: mama wa mti ni nani, baba wa mti ni nani, nani alipaka chavua, na nani alikodi tingatinga. Mzee mmoja wa klabu ya bustani akauliza mti huo aandike jina gani.

"Avis."

"Avis tu? Hutaki jina la kupendeza kidogo?"

"Unaona mimi sipendezi?"

Mzee akaandika Avis.

Kampuni ilipiga simu kulalamika kwamba anaharibu biashara. Nilipokea mimi. Waliyoyasikia siku hiyo siwezi kuyarudia mbele za watu.

Machipuko yaliyofuata klabu za bustani zote zilikutana kwenye ukumbi ule ule, na Brent akaja peke yake. Alikuwa amekonda. Wakati wa chai, watu wamejipanga kwenye birika, alimsogelea mama yake, akageuka kwa waliokuwa karibu, akasema chini chini, "Nataka mjue nilikosea. Mti ni wa Mama." Wawili watatu walisikia. Mmoja aliuliza sukari iko wapi.

"Sijasikia," Avis akasema.

"Mama, tafadhali."

"Uongo uliusema kwenye kipaza sauti. Ukweli unaliambia birika?"

Nilidhani ataondoka. Alisimama pale amekunja ngumi, mtu mzima mwenye mvi, masikio mekundu kama mtoto aliyekamatwa na biskuti. Kisha akapanda jukwaani. Kipaza sauti kikapiga kelele, watu wakageuka na vikombe vyao. Akasema, "Mimi ni Brent Pascoe. Mwaka jana nilisimama hapa nikawaambia baba yangu ndiye aliyezalisha magnolia nyekundu. Si kweli. Hakuwahi kupanda ngazi. Ni mama yangu, Avis, peke yake, na baba yangu alitaka kuing'oa. Aliniambia uongo, nami nikauamini kwa sababu uliniridhisha. Mama aliponiambia ukweli, sikumsikiliza." Akakiweka kipaza sauti chini, akashuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Walitazama sakafu, na ilifaa watazame. Mama mmoja, aliyelia kuliko wote mwaka uliopita, alikuja kumshika Avis mkono, akarudi kwenye kiti chake.

Tukiwa kwenye gari nilimuuliza Avis kama ameridhika.

"Mkono ulimtetemeka. Umeona?"

"Nimeona."

"Basi aje kula Jumapili." Akafunga mkanda. "Baba yake ndiye bado tuna maneno naye."

Hajaenda kaburini mpaka leo. Dukani mjini mti ule unauzwa bado kwa jina la Fahari ya Des, na ile picha ya Krismasi kwenye lebo, maana kampuni ilikataa katakata kubadilisha, na Brent aliacha kazi kwao kwa ajili hiyo. Kila nikipita pale nasimama, namwita muuzaji, namweleza mwanzo mpaka mwisho. Wiki iliyopita kijana mmoja wa kaunta aliniambia, "Mama, mimi nauza tu." Nikamwambia ndiyo, nimeona, na nikaanza upya tangu kwenye kopo la aiskrimu.